Kila Shairi Limekubaliwa

Kazi ya Chiriku ilikuwa kuwapa watu habari njema. Kila asubuhi alifungua bahasha zilizoingia, akayapiga chapa mashairi yaliyoandikwa kwa mkono, kisha akamwandikia kila mtunzi maneno yale yale: shairi lako limetugusa, tumelichagua liingie katika diwani yetu, tafadhali lete ada ya ushiriki kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa miaka sita hakuwahi kuona shairi likikataliwa. Lenye vina lilikubaliwa, lisilo na vina lilikubaliwa. Mwaka uliopita mtu mmoja alikosea bahasha akatuma orodha ya vifaa vya kupaulia nyumba, nayo ikakubaliwa.

Mwenye ofisi alikuwa mjomba wake, na ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi. Mjomba alikaa chumba cha ndani, mlango wazi, macho yakiuelekea mgongo wa Chiriku. Jina hilo alimpa yeye, kwa kuwa utotoni mdomo wa mtoto huyo haukupumzika. Siku hizi Chiriku aliweza kumaliza asubuhi nzima bila kutamka zaidi ya "karibu" na "asante".

Kuacha kazi? Hilo aliwahi kuligusia kwa mama yake. Mama alikuwa dada mkubwa wa mjomba, miguu imemwishia nguvu, na chumba alicholala na binti yake kilikuwa cha mjomba, uani kwake.

"Ametustiri, mwanangu," mama alisema, macho hayakuinuka kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Sasa unataka tukamwambie nini?"

Yakaishia hapo.

Chiriku naye alikuwa mtunzi, ila hilo hakulijua mtu. Alitunga kichwani, akayaacha humo humo. Mahali pa kupeleka mashairi pasipo na ada alipajua pote, maana alikuwa akipatafuta kama vile mgonjwa anavyoulizia dawa. Kupeleka ndiko kulikomshinda. Alijiona hana haki ya kuchapishwa bure na huku anawatoza wenzake.

Siku moja akapanda ngazi mzee mmoja, fundi saa, na karatasi moja tu iliyokunjwa mara nne. Mke wake alikuwa amefariki mwaka huo.

"Sina haja ya kujulikana, binti," alisema. "Nataka tu lisomwe na mtu asiyenijua."

Chiriku akalisoma. *Kikombe chako, kipenzi, bado nakipa nafasi.* Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Nyuma yake mjomba alikuwa akiongea na simu. Chiriku akachana kipande cha karatasi, akaandika haraka: ukurasa wa mashairi wa gazeti la Jumapili, kipindi cha ushairi cha redio, jarida la maktaba kuu.

"Hao hawatozi kitu," alinong'ona. "Peleka huko, mzee wangu. Hapa hapakufai."

Fundi saa hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa adabu. Baada ya siku mbili alirudi, akapita moja kwa moja mpaka kwa mwenye ofisi, akampa mkono. "Nimeona si vizuri kuondoka kimya kimya, bwana. Una binti mwenye moyo! Kanielekeza mpaka pasipo na ada."

Mjomba alicheka, akamsindikiza mzee hadi chini. Aliporudi hakugomba, na Chiriku angeona afadhali agombe. Alivua koti, yeye mwenyewe akaisukuma meza ya mpwa wake, ikikwaruza sakafu, mpaka chumba cha ndani, akaikabilisha na yake.

"Huku kuna mwanga zaidi," alisema. Chumba hicho hakikuwa na dirisha.

Tangu siku hiyo mjomba aliisoma kila barua kabla haijafungwa. Chiriku akienda msalani, mjomba alitupia jicho saa ya ukutani. Na nyumbani alianza kupita uani kila jioni kumjulia hali dada yake, kwa upole mwingi kiasi kwamba mama, aliyemjua tangu anatambaa, alimgeukia binti yake na kumuuliza, "Umefanya nini?"

Ndipo Chiriku alipoandika. Aliandika saa ya chakula, kwenye ngazi, shairi la mwanamke anayefungulia wengine mlango ambao mwenyewe hapiti. Akaweka jina lake kamili, akalipeleka gazetini. Jumapili ya tatu likatoka. Alilisoma amesimama kwa muuza magazeti, mpaka mwenye magazeti akamuuliza kama ananunua au anasali. Siku hiyo nzima alikuwa mwepesi. Alijua Jumatatu atafukuzwa, na kusema kweli alilitaka hilo. Asubuhi yake alipanda ngazi na maneno yake tayari mdomoni.

Hakupata pa kuyasema. Mjomba alimpokea mlangoni kwa kumkumbatia. "Chiriku wangu! Kumbe tuna malenga ndani ya nyumba!" Shairi lilikuwa limeshakuzwa, limetiwa fremu, limetundikwa penye ngazi, na chini yake maandishi mekundu: *Diwani yetu huhaririwa na malenga huyu.*

Nakala yake ikatiwa katika kila barua iliyotoka, na mwezi huo bahasha ziliongezeka maradufu.

Siku moja simu ikalia, akapokea. Alikuwa mwanamke, mpishi wa shule. "Ndiwe yule wa gazetini? Hebu niambie, dada, ulilipa kiasi gani wakakutoa?"

Mjomba akaacha kuandika.

"Sikulipa kitu," Chiriku alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kwa ukubwa. "Gazeti halitozi. Peleka na wewe, usije—"

Mkono wa mjomba ukavuka meza, ukautwaa mkono wa simu taratibu. "Samahani, dada yangu. Malenga wetu ana mafua, sauti inampotea." Alipomaliza aliivuta simu upande wake. "Miguu ya mama inaendeleaje?"

"Hajambo."

"Vizuri."

Mpishi yule kama alipeleka au hakupeleka, Chiriku hakupata kujua. Shairi la pili alilianza, likakwama ubeti wa tatu. Alipokuwa akihesabu mizani kwa vidole aliinua macho, akamkuta mjomba anavitazama vidole hivyo, anatabasamu.

"Endelea, endelea," alimwambia. "Lile la ngazini watu wameshalizoea, tunahitaji jipya."

Chiriku akavinyoosha vidole juu ya meza, vikatulia.