Karatasi za Kona Mbili

Kwa wiki sita msusi alihesabu watu huku anasuka. Saluni yake ilitazamana na kizuizi cha polisi cha kona ya juu, na kila mpita njia aliyesimamishwa alipata mstari mmoja kwenye daftari lililokaa kando ya vitana. Safu ya kushoto ilikuwa ya Watu wa Machimbo, weusi kuliko wengine mjini, ambao babu zao waliletwa kuchimba makaa ya mawe. Safu ya kulia ilikuwa ya watu wengine wote. Kwenye kona ya chini, palipokuwa na kizuizi cha pili, mwalimu mstaafu wa hesabu aliandika vilevile, dirishani kwake. Mtaani walimwita Desimali.

Desimali hakuridhika na kuhesabu tu. Aliwapanga wanaume wawili wawili, mmoja wa Machimbo na mmoja wa maji ya kunde, wenye umri sawa, shati sawa na mkoba sawa, wapite kizuizini wakiachana dakika mbili. Kila mpito uliandikwa saa na dakika yake. Mume wa msusi alipangwa na fundi viatu. Fundi viatu alipita mara arobaini bila kuulizwa hata jina. Mwenzake alisimamishwa mara thelathini na moja, na mara ya mwisho hakurudi. Alikuwa kambi ya mahabusu pamoja na wengine kumi na sita waliokamatwa kona ya juu. Malori ya kuwavusha mpaka, kwenda nchi wasiyoijua, yangeondoka Ijumaa.

Kesi ya mtaa ya kuzuia malori ingesikilizwa Jumatano. Jumatatu redio ilitangaza sheria mpya: kukusanya habari za polisi bila kibali ni kosa, kifungo miaka mitano. Mahakama nayo haikupokea karatasi isiyo na saini ya aliyeona kwa macho yake.

Jumanne mchana walikutana saluni, mlango umefungwa: msusi, mama mkwe wake, fundi viatu na Desimali. Mtoto wa miezi saba alikuwa ananyonya.

"Nitasaini zote mimi," alisema Desimali. "Nina miaka sitini na tisa. Wanifunge, watanilisha wao."

Akaanza kulinganisha karatasi. Baada ya muda akavua miwani. "Haiwezekani."

"Nini tena, Mwalimu?"

"Saa mbili na dakika kumi na nne nilikuwa kona ya chini. Saa mbili na dakika kumi na nne nilikuwa kona ya juu. Ziko mia mbili na zaidi za namna hiyo. Wakili wa serikali si mjinga."

"Si ufute dakika?" mama mkwe aliuliza. "Nani alikutuma uandike dakika? Unachemsha mayai?"

"Bila dakika, hakuna jozi. Bila jozi watasema mume wake alisimamishwa kwa sababu alikuwa na sura ya mwizi."

"Mwanangu ana sura ya baba yake. Mwizi alikuwa baba yake."

Hakuna aliyecheka isipokuwa fundi viatu, naye akaacha haraka. "Niandikeni mimi kona ya juu," alisema. "Kibanda changu kiko palepale."

"Wewe ulikuwa unapita, shemeji," msusi alimwambia. "Hukuhesabu. Wakikuuliza Alhamisi ya wiki ya tatu walisimamishwa wangapi, utasema nini?"

"Nitasema wengi."

"Saini mipito yako," alisema Desimali. "Hiyo ni kweli, na inafaa. Lakini haitoshi."

Zikabaki hesabu mbili. Karatasi za kona ya chini pekee zisingegusa hata mtu mmoja wa wale kumi na saba. Karatasi za kona ya juu zilikuwa za mkono wa msusi.

"Mama," alisema msusi, bila kumtazama mkwewe, "huyu anakubali chupa?"

"Hajawahi kupewa. Atakubalije?"

"Mpe leo."

"Mkwe wangu, mmoja yuko kambini. Ukiingia na wewe, mimi mwenye magoti haya nibaki na nani?"

"Nisiposaini, anaondoka Ijumaa."

"Na ukisaini, una hakika habaki tu siku mbili tatu akaondoka vilevile?"

Msusi alimgeukia Desimali, kama mwanafunzi anayetaka jibu la nyuma ya kitabu.

"Sijui," alisema Desimali. "Jaji wa zamani ameondolewa mwezi uliopita. Huyu mpya simjui."

Msusi akamtoa mtoto kifuani, akampa bibi yake, akasaini. Karatasi zilikuwa arobaini na mbili. Mtoto alilia hadi ya mwisho.

Jumatano saa tatu karani wa mahakama alipokea karatasi, akagonga mihuri, akaomba vitambulisho vya wote watatu. Saa sita jaji alitoa amri: malori yasiondoke kwa siku saba, hadi takwimu zichunguzwe. Watu wa mtaa waliojaa ukumbini walishangilia. Polisi waliwangoja mlangoni. Walimchukua Desimali, wakamchukua msusi. Fundi viatu alinyoosha mikono yake mwenyewe.

"Wewe nenda nyumbani," askari alimwambia.

"Nimesaini na mimi."

"Nimekwambia nenda."

Alasiri mama mkwe alifika kituoni na mtoto begani. Chupa ilikuwa imejaa kama ilivyotoka nyumbani.

"Mtoto hanyonyi chupa. Nipitishe anyonyeshwe, dakika kumi tu."

"Haruhusiwi mtu."

"Huyu si mtu, baba. Ni mtoto. Hata jina lako hawezi kulitaja."

"Mama, usinitafutie makosa."

Akangoja hadi zamu ya askari ilipobadilika, akajibiwa vilevile. Ndipo akaenda kambini, ambako uzio wa waya uliruhusu watu kusemezana. Mwanawe alikuja akikimbia.

"Siku saba," alimwambia. "Jaji ameyazuia malori."

Mwanawe alicheka, akaupiga waya kwa kiganja, akawaita wenzake waje wasikie. Kisha akamwona mtoto, midomo mikavu, analia bila sauti.

"Mbona hivi? Mama yake yuko wapi?"

Bibi akamhamishia mtoto bega la pili.

"Kona ya juu ilitaka saini," alisema.

Wenzake walikuwa bado wanashangilia.