Mifupa ya Curtis

Verna Hollis hakusafiri kutoka Nebraska, Marekani, hadi Wakayama, Japani, ili aje kushikishwa vijiti. Alikuja kumchukua mwanawe. Tangu asubuhi alikuwa akimwambia kila mtu hivyo, na kila mtu alimwinamia kwa adabu, jambo lililomzidishia hasira, maana mtu anayekuinamia utagombana naye vipi?

Curtis alikuwa amekufa ghafla, kwa moyo. Mama yake alipotua, ibada ilikuwa imekwisha na jeneza limeshaingizwa tanurini. Hilo nalo alilimeza. Mtu akifia ugenini, alijiambia, utapewa majivu kwenye kopo, urudi nayo, umzike kando ya baba yake, yaishe.

Hapakuwa na kopo. Mhudumu mwenye glavu nyeupe alivuta meza ya chuma iliyokuwa bado na joto, na juu yake Curtis alikuwa amelala, mifupa mitupu, miguu huku, fuvu kule. Mkwewe, Sanae, mjane wa Curtis, mkavu wa macho ndani ya kimono chake cheusi, akamtia mkononi vijiti viwili virefu, kama vile wanavyolia chakula. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mfupa mmoja hushikwa na watu wawili, kila mtu kwa vijiti vyake, ukatiwa chunguni. Na huanzwa na miguu, marehemu asije akakaa kichwa chini.

"Huyu ni mwanangu," Verna alisema. "Si chakula cha mchana."

Sanae na baba yake, mzee Ogata, waliinama wakaanza kuokota taratibu. Verna alibaki amesimama, damu ikimchemka. Hawa ndio waliomchukua Curtis wakampa hadi jina la ukoo wao, akaishi chini ya paa la baba mkwe. Kule kwao alikuwa amewaambia majirani kwamba mwanawe hakuoa, ameolewa.

Kilichomvunja ni chungu. Kilikuwa kidogo, cha kubebwa kwa kiganja. Wakatia kipande cha mguu, kipande cha ubavu, cha mkono, na mara kikakaribia kujaa, huku mezani Curtis akiwa bado yupo karibu mzima. Mhudumu akaashiria kwamba umebaki mfupa mmoja tu wa kutiwa, ule wa shingoni, ambao wenyeji husema una umbo la Budha aliyeketi. Huo huachiwa walio karibu zaidi na marehemu.

"Na hii mingine?" Verna aliuliza.

Sanae alisita. Akasema kwamba pande hizi za magharibi mwa Japani huchukuliwa michache tu. Mingine hubaki hapa, ikaombewa, ikazikwa pamoja na ya watu wengine. Hata mama yake mwenyewe alizikwa hivyo.

"Yaani mnachagua vipande vizuri, mwanangu aliyebaki mnamtupa."

Mzee Ogata alisema kitu, na Sanae akatafsiri kwamba baba anaomba radhi. Kuomba radhi! Verna alimsukuma mzee wa watu kwa kiwiko, akasimama mahali pake, akasema mfupa ule ni wake, yeye ndiye aliyembeba Curtis tumboni.

Hapo adabu ya Sanae ikafika mwisho.

"Ulikuwa wapi, mama?" Hakupaza sauti. "Harusi tulikualika, ukakaa kimya. Kila mwaka mpya anashinda na simu mapajani kama mjinga, eti mama atapiga. Mimi ndiye niliyekuwa namdanganya, namwambia labda huko kwenu bado ni jana. Nimekuchukia miaka yote hiyo. Leo ndiyo unakuja kumdai?"

Verna aliinama, akaubana mfupa upande wake. Sanae akaubana upande wa pili. Walipouinua uliyumba hewani, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake akilegeza, utaanguka. Verna ndiye aliyeusogeza kuelekea chungu cha Sanae, ukaingia.

"Huo ni wako," alisema, machozi yakimtoka kwa hasira. "Hii iliyobaki nipeni mimi. Yote."

Sanae alimwambia mhudumu alete chungu kikubwa, kama vile wanavyotumia watu wa Tokyo, ambao huchukua mifupa yote. Mhudumu alivuta hewa kati ya meno, akasema hilo lingekuwa gumu kidogo, yaani hapana. Mzee Ogata akashika mkono wa kimono cha binti yake ili amtulize. Sanae akauchomoa.

"Mpe mama mtoto wake," alimwambia mhudumu, kwa sauti iliyowanyamazisha watu wa chumba cha pili.

Aliyasema kwa Kijapani. Verna hakuelewa hata neno moja, ila alimwona mhudumu akitoka mbio.

Chungu kilipoletwa, Verna hakumshukuru mkwewe. Alikamata vijiti vyake, akamngoja ashike upande wa pili.