Makundi ya Baba

Haya, nikutegee. Nina wageni hawapigi hodi, hawaketi, wala hawaombi maji, lakini wakifika mie mwenye nyumba ndiye ninayetoka. Ni nani hao? Fikiri huku nasimulia.

Enzi za Mwingereza tulikaa Temeke, mie na baba tu. Mama alifariki nikingali nanyonya. Baba, Mzee Kamugisha, alikuwa Mhaya, karani wa bandarini. Nilipomaliza darasa la nne, masista wa misheni ya jirani wakanipa nafasi katika shule yao ya bweni, mbali huko bara. Walitaka neno la baba Jumatatu, la sivyo nafasi apewe mwingine.

"Baba, nitakwenda?"

"Nyuki wengi pamoja huitwaje?"

"Bumba la nyuki."

"Litumie."

"Bumba la nyuki limening'inia darini."

"Vizuri. Nzige?"

Ikawa hivyo kila jioni. Mie naleta swali langu, yeye ananiletea wanyama. Wingu la nzige limetua shambani. Kundi la mbuzi limevunja ua. Nilijibu yote, na langu halijibiwi.

Bi Bahiya, mke wa jirani yetu mwenye duka, alitusikia toka barazani kwake.

"Bwana Kamugisha, hao wanyama wako hawaishi? Mtoto kauliza jambo moja tu."

Baba akakohoa, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumapili, mvua ilipokatika, wakaja siafu. Umewapata wageni wangu? Basi ndio hao. Siafu sie hatuwafukuzi. Unatoa kuku, unatoa mkeka, unawaachia nyumba wajilie mende na panya, wakishiba wanaondoka wenyewe. Tukaenda kukaa kwa Bi Bahiya, baba kaweka kofia yake ya kazi magotini, tunawatazama wanavyoingia mlangoni petu, weusi, hawakatiki.

"Na hawa je?" baba akauliza.

Nikaendelea kuwatazama siafu.

"Kokuberwa, nakuuliza wewe."

"Najua, baba. Ila sisemi."

Bi Bahiya akaacha kupepeta mchele.

"Husemi?" baba akauliza.

"Nikisema msafara wa siafu, utaniambia niutumie. Nikiutumia, utaniletea tembo. Tembo wakiisha, samaki. Kesho Jumatatu, baba."

"Umeona sasa, umeshasema," akajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye. Akainuka, akatazama mlango wetu, ulivyojaa siafu juu mpaka chini, akaketi tena.

"Leo umekamatika, bwana," akasema Bi Bahiya. "Hata nyumba ya kukimbilia huna. Mjibu mwanao."

Baba akaigeuza kofia, akaigeuza tena.

"Tuko wawili tu humo ndani," akasema taratibu. "Akitoka huyu, jioni nitamuuliza nani?"

"Utakuja kuniuliza mie," Bi Bahiya akasema. "Nitakosa yote, utafurahi."

Baba hakumtazama. Alinitazama mie.

"Utakwenda," akasema. "Kesho nakupeleka mwenyewe kwa masista."