Viti vya Kuazima

Kwenye njia panda ya Mibirizi kaka yangu Kayitare hakupunguza hata mwendo. Alipita hivihivi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukiwaonyesha watoto bonde la Bugarama lililoanza kujitokeza kule chini.

"Kaka, umepita," nikasema.

"Najua. Tunaanzia ku maji ya moto. Kwa Maman tutapita tukirudia."

Nikageuka, nikatazama kilima chetu kikibaki nyuma. Juu ya kilima kile mama yetu, Béata, alikuwa amekaa na majirani tangu asubuhi wakimngoja yeye huyo. Baba yetu, Nsabimana, alifariki mwaka juzi, na Kayitare, kifungua mimba wake, hakuja kumzika. Siku hizi watu wengi huondoa matanga kwa wiki moja na maisha yakaendelea. Mama alikataa. Alisema matanga ya mumewe yatakwisha siku Kayitare atakapokaa kwenye kiti cha baba yake na kunywa kibuyu cha kwanza mbele ya watu. Tangu hapo hajaenda harusi ya mtu, na kanisani, yeye aliyekuwa akiongoza kwaya, hafungui mdomo. Watu walimcheka. Mchungaji alikuja kumsihi. Jibu lake lilikuwa moja tu: mwanangu atakuja.

Basi mwanawe alikuja. Alitoka Ubelgiji na watoto wake wawili, Teta na mdogo wake Hugues, mama yao akabaki kule kazini. Akafikia wapi? Hotelini, Cyangugu, kwenye dirisha linalotazama ziwa! Hata mbuzi anajua zizi lake, lakini kaka yangu alilala hoteli wiki nzima kama mzungu. Leo mashua, kesho nyani wa msitu wa Nyungwe, kesho kutwa kusimama karibu na uwanja wa Kamembe kuangalia ndege zikitua. Mimi nilifunga saluni yangu ili niwashike watoto mikono. Kila jioni alimpigia Mama simu na kumwambia kesho, Maman, kesho. Kesho zikamwishia, maana ndege yao ya kuondoka Kamembe ilikuwa jioni ya siku hiyo.

Watoto siwalaumu. Kila tulipoteremka garini Teta aliuliza swali lile lile, kwa Kiswahili chake alichofundishwa na baba yake: "Papa, hapa tunaangalia nini?" Na baba yake alikuwa na jibu kila mara. Hapa samaki, hapa nyani, hapa ndege. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba mtumwa mwenyewe atakuwa na kamera.

Kwenye maji ya moto wazee wenye migongo mibovu walikuwa wamejilaza majini, mvuke ukiwapanda usoni. Kayitare akavua suruali, akabaki na kaptula, akaingia na watoto wakipiga kelele za furaha. Akanirushia simu yake niwapige picha. Nilikuwa nimeishika hiyo nilipopigiwa kwenye yangu.

"Joselyne, muko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mama. "Chakula inapola. Mzee Mutabazi ameshaaga. Bale bengine banaangalia mawingu."

"Tuko mu njia, Maman."

Uwongo ule uliniunguza kuliko maji yale. Nikakata simu, na Kayitare akapaza sauti kutoka majini: "Tukitoka hapa tupitie ku mashamba ya mupunga, Teta aone bale ndege beupe!"

Hapo nikapasuka. Nikaifuata suruali yake juu ya jiwe, nikatoa ufunguo wa gari mfukoni, nikautia kifuani, ndani kabisa, mahali ambapo kaka mtu hawezi kuufuata.

Alitoka mbio, maji yakimchuruzika. "Joselyne, lete funguo! Ndege itatuacha!"

"Unaogopa kuachwa na ndege. Kuachwa na Maman hauogope?"

"Usinipigie makelele mbele ya bantu."

"Bantu gani? Bantu bako banakungoja Mibirizi tangu asubui! Bamekalia viti ya kuazima, bako banaangalia njia, na wewe uko unaoga!"

Mama mmoja majini akasema, "Mupatane, muko bandugu." Nikamwambia aendelee kuoga.

Kayitare akageuka kuona kama watoto wanasikia. Kisha akashusha sauti. "Papa alinipigia simu mbele ya kufa. Sikuikamata. Nilikuwa ningali na kasirani naye. Sasa nikikala ku kiti yake, bantu bote banaangalia, niseme nini?"

Kumbe ndiyo hiyo! Wiki nzima ya nyani na mashua ilikuwa woga mtupu, na woga huo mzigo wake alikuwa akiubeba mama yetu. Pengine dada mwingine angemhurumia. Mimi hasira ilizidi, nikatamani kumrudisha majini kwa kichwa.

"Useme ile ile uliyoniambia," nikamjibu, nikamtupia suruali yake. "Vaa patalo."

Ufunguo nilimpa alipokuwa ameketi kwenye usukani na kuniapia kwamba tunakwenda kwa Mama, na tulipofika chini ya kilima cha Mama nikaudai tena. Akanipa. Nikaurudisha kifuani.

Uani viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa kwa mistari, na havikuwa na mtu. Kimoja kilikuwa kimeanguka ubavu. Mama alikuwa amekaa mkekani peke yake, kitambaa cheusi cha kilio kichwani. Mbele yake kilikuwa kiti cha Baba, kile kifupi cha mti alichokalia jioni zote za maisha yake, na pembeni mitungi miwili iliyofunikwa majani ya mgomba.

Aliwakumbatia wajukuu muda mrefu, akiwanusa vichwa. Kayitare alimpa mkono, kama anavyopewa mgeni.

"Bantu bako wapi, Maman?"

"Bameenda. Bantu bako na kazi."

Kayitare akatazama kiti cha Baba. Nilikuwa nimeshaanza kuomba Mungu kimoyomoyo. Kaa tu, kaka. Kaa, wengine nitawakimbilia mimi mlango kwa mlango. Akakitazama kile kiti, halafu akatazama saa yake.

Mama akaona. Na mimi nikaona kwamba ameona.

Teta akavuta suruali ya baba yake. "Papa, hapa tunaangalia nini?"

Mama ndiye aliyejibu. "Hapa hatuangaliake kitu, mutoto wangu. Hapa tunakalaka tu."

Teta akatafuta pa kukaa. Viti vya kanisa vilikuwa virefu kwake. Kile kifupi kilikuwa saizi yake, basi akaenda akakikalia, akapanga magoti yake vizuri.

"Teta, toka pale!" Kayitare akaruka.

"Mwache."

Mama aliinuka. Hakugusa mtungi wa pombe ya ndizi aliomwekea mwanawe. Alifunua ule wa pili, wa bushera, togwa tamu la mtama aliloandalia wajukuu, akachota kwa kibuyu kidogo, akampa Teta kwa mikono miwili. Mtoto akanywa, akapangusa mdomo. "Merci, Koko," akamwambia bibi yake.

Mama akafungua kile kitambaa cheusi, akakikunja. Kisha akaviambia vile viti vitupu, kwa sauti ya mtu anayetangaza kanisani: "Matanga ya Nsabimana imeisha."

Kayitare akapiga magoti. Alikuwa analia. "Maman, na miye je?"

"Na wewe," Mama alisema, "hii viti ni ya kanisa. Mvua iko inakuja. Uirudishe."

Akaingia ndani na watoto kuwapakulia chakula. Kayitare akabeba viti viwili viwili, akateremka navyo kwa viatu vyake vya mjini, akapanda, akateremka tena. Sikumsaidia. Kutoka jikoni nilisikia sauti ya Mama ikianza wimbo, ikikwaruza, ikianza upya.

Ndege yao ya jioni ilipopita juu yetu, Hugues alitoka mlangoni na kijiko chake akaipungia mkono. Baba yake hakuinua kichwa. Viti bado vilikuwa vingi. Ufunguo hakuniomba, na mimi sikumpa.