Diski ya Pili

Wifi yake alimpa Fundi saa moja tu ya kubadilisha seva, kuanzia saa saba mchana hadi saa nane, wakati maabara inapofunga dirisha la wagonjwa na wafanyakazi wanakwenda kula. Fundi akasema hata hiyo ni nyingi.

"Dakika arobaini. Mkirudi mtakuta kila kitu pale pale, ila kompyuta zitakuwa zimepata akili."

"Dakika zako au za saa ya ukutani?" wifi yake akamuuliza, wakacheka.

Walikuwa mawifi wasiogombana, jambo ambalo ukoo mzima ulilishangaa. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume wa Fundi, na maabara ya vipimo vya damu ilikuwa yake: vyumba vinne juu ya duka la vitambaa, vikinukia dawa ya kusafishia sakafu. Fundi alikuwa mtu wa kompyuta. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika, hata mama mkwe alimwita Fundi. Miaka sita nyuma ndiye aliyeifunga seva ya kwanza katika kachumba nyuma ya friji za sampuli, na tangu hapo majibu yote ya wagonjwa yalikaa humo. Sasa seva ilikuwa imezeeka. Ilikoroma kutwa, na dada wa mapokezi akibonyeza jina la mgonjwa aliweza kwenda kunywa maji akarudi kabla jina halijatokea.

Kazi aliipanga vizuri. Siku tatu mfululizo alikuwa akinakili mafaili kwenda kwenye seva mpya polepole, maabara ikiendelea na shughuli bila mtu kuhisi lolote. Leo ilibaki kuchukua yaliyoongezeka tangu asubuhi, kuizima ya zamani, na kuipa mpya anwani ile ile ya mtandao ili kompyuta za vyumbani ziifuate zenyewe. Saa saba na dakika ishirini na tano akaizima ya zamani. Mkoromo ukakatika. Akawasha mpya, akaenda mapokezi, akaandika jina la mama mkwe wake, aliyepimwa sukari mwaka jana. Jina, tarehe, majibu, vyote vikaja chapuchapu. Akajinyoosha mgongo, akaridhika.

Saa nane kamili dirisha likafunguliwa. Wa kwanza alikuwa mzee anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, ambaye alikuja kupimwa kila baada ya wiki mbili. Daktari wake alitaka kuona namba zote za mwaka huu kabla ya kubadilisha dozi.

"Fundi!" dada wa mapokezi akaita. "Mbona majibu ya huyu baba yanaishia mwezi wa tatu? Si mimi niliyemchapishia juzi juzi tu?"

Fundi akaja na tabasamu lake, akainama mbele ya kioo cha kompyuta. Tarehe zilikuwapo zote. Ukizibonyeza, ukurasa ulikuwa mweupe. Akafungua mgonjwa mwingine, na mwingine tena. Kuanzia mwezi wa tatu hadi huu wa nane, weupe mtupu.

Hapo akakumbuka.

Mwezi wa tatu diski ya seva ilijaa. Alikuja mbio mchana mmoja na diski aliyoitoa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, akaichomeka, akaelekeza majibu mapya yaandikwe huko, na kabla hajamaliza akapigiwa simu na shule kwamba mwanawe ana homa. Akajiambia kesho atarudi kuiingiza diski ile kwenye orodha ya vitu vya kunakiliwa. Kesho yake hakurudi, wala kesho kutwa. Kila mwisho wa mwezi aliangalia taarifa ya nakala za akiba, akaona alama ya kijani, akampigia wifi yake: "Tuko salama." Kijani kile kilikuwa cha diski ya kwanza peke yake. Na orodha hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kuhamishia.

Akakimbilia kachumbani, akaiwasha seva ya zamani. Diski ya kwanza ikaamka. Ya pili ikagonga, tik, tik, tik, ikanyamaza. Akaizima, akaiwasha. Tik, tik. Diski iliyozunguka miezi bila kupumzika, ikipoa, pengine haiamki tena. Mara ngapi amewaonya wateja wake hivyo! Akaitoa, akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Kimya.

"Kuna nini?" Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, koti jeupe limefungwa nusu. Dada wa mapokezi nyuma yake.

"Majibu ya miezi mitano. Yalikuwa kwenye hii. Haiwaki."

Wifi akashika kiuno, akaitazama ile seva kuukuu. "Basi, mashine imetufia mikononi. Si ndiyo maana tukanunua nyingine? Usijilaumu, wifi yangu. Ungefanyaje?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Wa kumbishia hakuwepo. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa na kusikitika pamoja nao.

"Si mashine," Fundi akasema. "Diski hii niliiweka mimi, na haikuwa mpya. Nakala zake sikuwahi kuchukua hata siku moja. Nilikwambia tuko salama, mwezi hadi mwezi, na sikuwa nimehakikisha."

Wifi yake hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Miezi mitano," akasema taratibu. "Nilikuwa nawaambia watu hapa hakipotei kitu, kwa sababu yako. Yule mzee nitaongea naye mimi."

Akaenda mwenyewe dirishani. Fundi, amesimama kwenye ujia, alimsikia akimwomba yule mzee radhi, akimwita baba, akimsihi kama ana karatasi zake za zamani azifuate nyumbani, akiahidi kumpigia daktari. Mzee akasema anazo, ila magoti yake na zile ngazi hayapatani. Akashuka polepole, ngazi moja moja. Fundi alitamani ardhi ipasuke.

Jioni ile walikusanya kilichokusanyika. Mashine ya kupimia damu ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe, ikarudisha wiki saba za mwisho. Baadhi ya vipimo wapimaji walikuwa wameviandika kwa mkono kwenye madaftari. Fundi aliipeleka diski kwa mtaalamu wa kufufua diski. Siku ya nne akaambiwa asiwe na matumaini. Watu mia tatu na ushee wakapigiwa simu waulizwe kama karatasi zao wanazo. Wengine walisikitika, wengine walitukana. Wawili walihamia maabara nyingine, wala hawakulaumiwa.

Seva mpya ilifanya kazi bila kasoro, jambo ambalo hakuna aliyelisifu.

Mama mkwe hakuambiwa. Ila Jumapili walipokutana kwake, wifi alimpitishia Fundi sahani bila kumtazama, na mume wa Fundi akamuuliza wakiwa njiani kurudi, "Mmegombana?"

"Hatujagombana," Fundi akajibu. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyomuuma.

Kwa wiki tatu alikwenda kila alasiri, akaketi kwenye meza ya pembeni kuingiza namba. Wifi yake ndiye aliyemsomea kutoka kwenye madaftari, kwa sababu mwandiko wa wapimaji aliuweza yeye tu.

"Nimepata mtu wa kukagua seva kila mwezi," wifi akasema siku moja, macho kwenye daftari. "Ufunguo wa kachumba nimempa yeye."

"Umefanya vizuri."

"Sikufukuzi."

"Najua."

"Sijui kama unajua. Na mimi sijui nikuambie nini." Akalamba kidole, akageuza ukurasa. Mstari wa juu ulikuwa umelowa dawa, wino umetawanyika. Akausogeza kwenye mwanga, akaukodolea macho muda mrefu. "Hapa hapasomeki. Andika haijulikani."

Fundi akaandika.

"Anayefuata," wifi yake akasema.