Udhuru wa Fundi Mbaé

Kwa miaka mingi Fundi Mbaé alisomesha Kurani watoto wa Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, na kila Ijumaa yeye ndiye aliyesalisha. Fundi ndivyo Wakomoro wanavyomwita mwalimu wa chuo, na hata majirani Wasakalava, wenyeji wa kisiwa hicho, walimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Kanzu zake alizifua mwenyewe, hakumwachia mkewe Bahia, na mgeni wake alionyeshwa pa kunawia kabla ya kuonyeshwa pa kukaa.

Miaka michache baada ya vita kuu ya pili, mkojo ulianza kumsumbua. Kwanza alikawia chooni. Kisha akawa anatoka hajapata ila matone. Alinyamaza mpaka asubuhi moja ulipoziba kabisa, tumbo likavimba na kuwa gumu, akashindwa kuinuka mkekani. Zahanati ya Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, walimtoa mkojo kwa bomba la chuma, wakasema kuna tezi iliyoubana, aende kwenye hospitali kubwa ya Mahajanga. Bahia akafunga mizigo, wakapanda meli ya pwani.

Mahajanga walifikia kwa binti yao Rahamatou, aliyeolewa na Houmadi, mchukuzi wa bandarini. Daktari, Mmalagasi mpole kutoka Antananarivo, alisema angependa kumpasua, lakini figo zilikuwa zimechoka na lazima zipumzike kwanza. Akamtia mpira wa mkojo, bomba jembamba jekundu lililoingia mpaka kwenye kibofu, na ncha yake ya nje ikamwaga ndani ya chupa ya kioo. Akaruhusiwa kukaa kwa binti yake, mtaa wa Mahabibo, awe anarudi kubadilishiwa mpira. Muuguzi alimfundisha Bahia kunawa mikono kwa sabuni na kuchemsha chupa, akasisitiza kwamba mkojo uachwe utiririke wakati wote.

Mbaé aliomba pazia litundikwe chumbani. Wageni walipokuja kumjulia hali, Houmadi aliagizwa awaambie kwamba mzee amelala. Msikitini hakwenda. Na kila wakati wa sala ulipoingia, alimwomba Bahia atoke nje. Bahia alidhani ni haya ya mwanamume mgonjwa, akatoka.

Hakujua kwamba mumewe, akibaki peke yake, aliuchomoa mpira kwenye chupa, akaukunja, akaufunga kwa utepe aliouchana kwenye pindo la kikoi. Alitawadha na kuswali akiwa mkavu, udhu wake usivunjwe na mkojo. Mwanzoni aliufungua mara tu alipotoa salamu. Baadaye akawa haufungui kati ya magharibi na isha, na siku ya Ijumaa aliufunga tangu asubuhi, kana kwamba angeitwa asalishe. Kibofu kilimuuma, akavumilia. Ncha ya mpira iliyokuwa imegusa vidole na mkeka aliirudisha chupani vilevile.

Haikupita muda, akaanza kutetemeka. Ilikuwa mchana wa joto kali, naye anaomba blanketi. Rahamatou alipokwenda kumwaga chupa aliona mkojo umekuwa mzito kama maji ya mchele, na harufu yake ikamrudisha nyuma. Homa ikapanda. Mbaé akawa anawasahihisha wanafunzi wasiokuwapo, akirudia aya ileile kwa sauti ya ukali. Bahia akamvua kikoi ili ampanguse kwa maji ya baridi, ndipo alipoliona fundo.

Alianza kulifungua, Rahamatou akamsaidia. Mkojo ukatoka kwa nguvu, wenye usaha na damu.

Houmadi alitafuta riksho, wakampeleka hospitali. Daktari aliuliza, kwa Kimalagasi, kama mpira ulikuwa umeziba wenyewe au umezuiwa na mtu. Mbaé alikuwa amelificha jambo hili hata kwa mkewe, na kulisema mbele ya mgeni Bahia aliona ni sawa na kumvua nguo hadharani. Kisha akasikia meno ya mzee yakigongana kitandani, akaeleza yote.

Daktari hakumlaumu mtu. Alisema kwamba mpira wenyewe ni njia. Vijidudu hupanda kwa njia hiyo hata kwa mgonjwa anayefuata kila agizo, ndiyo sababu yeye hapendi kuuacha ndani muda mrefu. Lakini mkojo uliofungiwa umevipa nafasi ya kuzaana, na sasa vimefika kwenye figo, pengine na kwenye damu. Akautoa mpira ule, akatia mwingine, akaanza kumtibu kwa sindano na dawa ya sulfa.

Homa iliposhuka na akili kumrudia, Bahia alisogea karibu na mto. Walizungumza Kikomoro, kwa sauti ya chini, maana wodi ilikuwa imejaa.

"Unamkumbuka Abdou wa Nosy Sakatia?" Bahia aliuliza.

Mbaé alimkumbuka. Abdou alianguka kutoka juu ya paa, na tangu siku hiyo akawa hawezi kuuzuia mkojo wake, akaacha kuja msikitini.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia wakati wa sala ukiingia ajisafishe, ajifunge kitambaa safi, atawadhe, aswali. Kitakachotoka baada ya hapo si kosa lake. Ana udhuru."

"Na wewe huna?"

Mzee akageuza uso ukutani.

"Yule alikuwa Abdou," akasema. "Mimi ndiye ninayesimama mbele yao."

"Basi simama nyuma yao. Mimi nakutaka uwe hai."

Alitoa mkono chini ya shuka akaushika wa mkewe, wao ambao hawakuwa watu wa kushikana mikono mbele za watu.

Alipopata nguvu kidogo aliruhusiwa kurudi Mahabibo, na Ijumaa Houmadi akampeleka msikitini. Alikaa safu ya mwisho, kwenye kiti kifupi, chupa yake ndani ya kikapu chenye kifuniko. Watu walitazama. Mmoja alivuta kanzu yake na kusogea mbali. Mwingine, asiyemjua, akaja kuziba ile nafasi. Houmadi alisema baadaye kwamba mzee alilia tangu takbiri ya kwanza hadi salamu, bila sauti, na kwamba walipotoka nje aliomba wapite njia ndefu ili aone watu.

Alikwenda tena Ijumaa zilizofuata. Pazia liliondolewa, wageni wakakaribishwa. Bahia alichemsha chupa kila siku, na mpira haukufungwa tena. Hata hivyo homa ikarudi. Safari hii sulfa haikufua dafu, na figo zikawa zinasinyaa. Daktari akawaambia wazi kwamba kisu hakitawezekana. Mbaé aliomba afie nyumbani kwa binti yake. Alifariki asubuhi, Bahia akimlisha uji. Muuguzi alikuja kuutoa mpira kabla ya maiti kuoshwa, wakamzika Mahajanga.

Siku za matanga watu waliuliza ni nini kilichomwondoa Fundi. Rahamatou alimwomba mama yake aseme ni homa, basi. Bahia alikuwa amekaa eda, akizungumza na wanaume kutoka nyuma ya mlango. Akawaambia kwamba mkojo ulimziba akaficha, kisha akawekewa mpira, akaona haya akaufunga, vijidudu vikampanda mpaka kwenye figo. Akaongeza kwamba pengine vingempanda hata asingeufunga, lakini hilo hatalijua kamwe. Wazee wengine waliona hakuwa na sababu ya kusema hivyo juu ya mwanachuoni.

Walipokwisha kuondoka, jirani mmoja aitwaye Mohamadi, muunda majahazi, alibaki na Houmadi. Alikohoa, akauelekea ule mlango.

"Mama Rahamatou," akasema, "mimi pia mkojo unanitoka matone matupu. Tangu Ramadhani."

Bahia alimuuliza kama mkewe anajua. Akasema hajui.

"Nenda kamwambie sasa hivi," Bahia akamwambia. "Kesho Houmadi atakupeleka kwa daktari."