Mwewe, Nyati na Kibanio cha Nywele

Mwanangu ni fundi wa matairi ya pikipiki. Mkwe wangu ni dereva wa lile gari la zahanati linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wote ni watu wema, na wote hawawezi kumaliza chai bila kubishana. Mwanangu ni mtu wa Mwewe, mkwe wangu ni mtu wa Nyati. Hizo ni aina za matairi tu, lakini ukiwasikia utadhani ni dini.

"Shemeji, Nyati ni zito kama la gari," mwanangu husema. "Kulivalisha pikipiki ni kama kumvalisha mtoto buti za askari."

"Na Mwewe wako anajua lami tu. Akiona tope anaita mama yake."

Siku zote nilikuwa nawaacha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Lakini safari hii ubishi ulimgusa mjukuu wangu, binti wa huyo dereva. Yeye ni muuguzi, hupeleka chanjo kwa pikipiki kwa akina mama walio ng'ambo ya kilima. Kilima chenyewe ni cha udongo mwekundu, mvua ikinyesha kinateleza kama sabuni. Alikuwa ameshaanguka mara mbili, na mganga mkuu wa zahanati akamwambia: "Jumatatu nakuja kuona mwenyewe unavyopanda. Ukishindwa utakaa dirishani uandike kadi, safari nitampa mwingine."

"Bibi, pale dirishani nitaota ukungu," aliniambia. Wale akina mama anawajua mmoja mmoja, na watoto wao hata meno anawahesabia.

Jumamosi tukakusanyika uani kwa fundi, maana kilima kinaanzia nyuma ya karakana. Mwanangu akafunga Mwewe mbele na nyuma, akajaza upepo, akagonga kwa spana. Ngi! Ndiyo sheria ya karakana yetu, aliiweka marehemu mume wangu: tairi halitoki hapa mpaka lilie. Binti akapanda. Katikati ya kilima gurudumu la nyuma likacheza ngoma yake peke yake, naye akateremka kwa makalio.

Mkwe wangu alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini niliona ni yeye aliyefika kwanza kumfuta tope sikioni kwa mkono wa shati lake safi.

Wakafunga Nyati. Wakajaza, wakagonga, ngi! Binti akaanguka palepale.

"Nyati kalala!" mwanangu akapiga kelele, huku tayari yuko mbio kumwinua mpwa wake.

Mimi kosa nililijua tangu spana ilipogonga mara ya kwanza. Mume wangu aliweka sheria ile kwa ajili ya wateja wa lami wenye mizigo mizito. Siku za tope yeye mwenyewe alipunguza upepo mpaka tairi libonyee kidogo kwa kidole gumba. Tairi lililojaa sana, alisema, hutembea kwa ncha za vidole. Wanangu walirithi mlio wakasahau kidole.

Ningeweza kuwaambia. Ila asubuhi ile walikuwa wameniambia kwa sauti moja, "Mama, wewe pumzika, haya mambo ya matairi tuachie sisi." Haya. Nikapumzika.

Jumapili nilibeba kigoda changu nikakiweka karibu kabisa na pikipiki. Walipoanza kurushiana lawama, nilichomoa kibanio kwenye nywele, nikafungua kifuniko cha pa kujazia upepo, nikabonyeza ndani kwa ncha yake. Psss. Nikanyoosha mkono kwenye gurudumu la pili. Psss.

"Mama, nini hicho?"

"Nafukuza kuku, mwanangu."

Kuku hawakuwepo. Hakuna aliyeangalia, isipokuwa mjukuu wangu, aliyenitazama kidogo kisha akatazama angani.

Akapanda na Nyati mpaka juu. Baba yake akakata kiuno kama kijana.

"Bahati tu!" mwanangu akasema. "Turudie na Mwewe."

Akabadilisha, akajaza, akagonga. Nikasogeza kigoda. Kuku wakarudi. Mwewe naye akapanda mpaka juu.

Hapo kila mmoja akajikuna kichwa. Mwishowe wakakubaliana: mbele Mwewe, nyuma Nyati, asionewe mtu.

Jumatatu mganga mkuu alifika mapema, mikono nyuma. Nilipotoka na kigoda changu, pikipiki ilikuwa imeshapelekwa chini ya kilima, matairi yamejazwa upya, yanalia kama kengele. Nilijiambia, haya bibi, umeona faida ya kujifanya mjanja? Sasa mtoto anaanguka mbele ya mkubwa wake kwa sababu ulitaka kucheka.

Nikajikongoja kwenda kusema kweli. Mjukuu wangu akanikimbilia, akanikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza, "Tulia, bibi." Kisha akarudi kwenye pikipiki, akainama kufunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa buti za mpira. Buti za mpira hazina kamba.

Psss. Psss.

"Hawa kuku wanatoka wapi?" mkwe wangu akauliza.

Akapanda. Pale pa kuangukia gurudumu lilisita, likauma udongo, likasonga. Alipofika juu alipunga mkono, na mganga mkuu akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Aende, akina mama wanamsubiri."

Kwenye boksi lake, kando ya chanjo, alikuwa amechukua pampu ndogo ya mjomba wake, ya kujazia tena atakapofika lami ya upande wa pili. Mjomba alikuwa amempa bila kuuliza ya nini.

Wale wawili walisimama bega kwa bega, wanafuta macho, kila mmoja akisingizia vumbi. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

"Umeona Mwewe alivyoongoza?"

"Umeona Nyati alivyosukuma?"

"Mama, wewe unasemaje?"

Upande mmoja wa nywele zangu ulikuwa umefumuka, kwa kuwa kibanio kilikuwa kimeshavuka kilima. Nikazishika kwa kiganja.

"Mimi napumzika," nikasema.